Salim, nunua kifuniko kwanza

Mwanangu Salim,

Marahaba, baba. Salamu zako zimefika, na picha ya hicho chuma ulichonunua huko Thrissur, Kerala, India, tumeiona. Mama yako aliishika simu kwa mikono miwili, akahesabu vishimo, saba, akasema ni chuma chetu cha vitumbua ila hiki kina shibe. Alifurahi kweli. Mimi usiku ule sikulala.

Umesema Jumamosi unahama bweni, unaingia chumba cha kupanga na wenzako watatu, mtungi wa gesi upo, na Jumapili mnakaanga unniyappam za chai, vile vitumbua vya Kerala vya mchele, ndizi na sukari guru. Yote hayo kwa sauti ya sekunde kumi na nne. Nakuandikia kwa sababu nikikupigia unaniitikia "sawa baba, sawa baba" kabla sijafika ninapokwenda. Hii isome mpaka mwisho.

Neno langu ni moja: mafuta yakiwa motoni usiyape mgongo. Mlango ukigongwa, zima moto ndipo uende. Simu ikilia, hata nikiwa mimi ninayepiga, iache ilie.

Najua utasema vitumbua umevigeuza tangu hujafikia kimo cha meza. Ni kweli. Mkono wako ni mwepesi kuliko wangu, na hilo nimewaambia watu wengi hapa barazani ingawa wewe mwenyewe sikuwahi kukwambia. Lakini unniyappam si kitumbua, na kufanana kwa vyuma ndiko kunakonitisha. Kitumbua kinataka kijiko cha mafuta kwenye kishimo, basi. Unniyappam inaogelea. Kishimo kinatiwa mafuta kufika nusu, kisha rojo linaingia ndani ya mafuta hayo, na ukilizidisha mafuta hayana pa kwenda ila kufurika nje, na nje ndiko moto uliko. Mtu aliyezoea vitumbua huchota upawa uliojaa kwa mazoea. Usifanye hivyo. Rojo liishie chini ya ukingo, ukingo wenyewe uuone mkavu pande zote.

Hayo nilifundishwa na Chechi. Sidhani nimewahi kukusimulia vizuri, maana wewe mwaka ule wa 2011 ulikuwa Pangani kwa shangazi yako, nasi tuliporudi kila mtu alitaka habari za moyo wa mama yako tu. Tulifika Kochi, huko huko Kerala, mwezi Juni, ili mama yako apasuliwe. Kusi hii hii inayotuletea sisi ubaridi na kuwazuia wavuvi wetu, kule inamwaga mvua mchana na usiku mpaka nguo hazikauki. Tulipanga chumba Ernakulam kwenye nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akipangisha jamaa za wagonjwa. Wote walimwita Chechi, dada mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo. Kila alasiri alituwekea chai ya maziwa na kitu cha kukaanga. Wao hukiita cha naalumani, cha saa nne kwa hesabu ya saa zao, ambayo kwetu ni saa kumi. Leo pazham pori, ndizi mbivu zilizochovywa kwenye unga. Kesho sukhiyan, choroko zilizosetwa na sukari guru na nazi. Siku nyingine unniyappam.

Mama yako baada ya upasuaji alikuwa hataki kula. Nikimsihi uji, nikimsihi supu, anageukia ukutani. Kitu cha kwanza alichokimaliza bila kusihiwa kilikuwa kiunniyappam kimoja cha jana yake, kimelala kwenye bakuli. Akaomba cha pili. Nilikwenda jikoni kwa Chechi siku ile ile, nikakaa kwenye kibao, nikamwonesha kwa mikono kwamba nataka kujifunza. Kiingereza chetu wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini jikoni kilitutosha.

Sasa sikiliza anavyofanya yeye, usifuate mtu wa kwenye simu yako.

Mchele mkavu wa kawaida, usiwe ule wao uliochemshwa na maganda yake, vikombe viwili, uloweke saa nne. Sukari guru robo kilo na kipande juu. Iyeyushe na maji kidogo kisha ichuje, hata kama muuzaji ameapa ni safi, maana ina mchanga na vijiti vya miwa. Mchele usage na hilo shira likiwa vuguvugu, uache chenga kidogo kama mchanga wa pwani, usilainishe sana. Ndizi mbili au tatu ndogo, wao hutumia palayankodan, nayo ni jamaa ya kisukari chetu. Subiri ganda liingie madoa meusi, ndipo uisete. Ndizi ndiyo inayolainisha, hakuna hamira humu. Ukizidisha ndizi zitakunywa mafuta na kuwa nzito. Hiliki sita, chumvi chembe. Acha rojo lipumzike saa sita, au usiku kucha kama kuna ubaridi. Likiwa tayari linaanguka kutoka kwenye upawa kama utepe mzito.

Nazi usiikune. Ikate vipande vidogo kama punje za mahindi, uvikaange kwa samli mpaka viwe rangi ya hudhurungi, kisha ufuta mweusi kijiko kimoja uingie hapo hapo upasuke kidogo. Chechi alinionya juu ya vipande hivi kwa kuniwekea kidole machoni: nazi mbichi ina maji, na maji ndani ya mafuta yanaruka. Vikaushe kweli kweli. Na chuma chenyewe, kwa kuwa ni kipya utakiosha, na tone moja la maji likibaki kwenye kishimo litakurukia usoni. Kipashe kwanza kikiwa kitupu mpaka kikauke, kisha tia mafuta ya nazi, au ukiweza changanya na samli kidogo.

Moto wa wastani. Sukari guru huungua upesi, nje itakuwa nyeusi na ndani mbichi, na kijana akiona haziivi haraka huongeza moto. Usiongeze. Ukiona moshi umeanza kwenye mafuta, umeshachelewa, zima usubiri. Geuza kwa kijiti kirefu, kimoja kimoja, kila kishimo kwa zamu yake. Duru nne au tano zitakupa kama thelathini, zinawatosha wanne na jirani. Msizimalize siku hiyo, za kesho yake ndizo tamu, sukari imekwisha kukaa.

Utawasikia watu wa huko wakisifu za Kottarakkara, kwenye hekalu la Ganapati, mungu wa Wahindu, ambako hutolewa kuwa sadaka na watu hutoka mbali kuzifuata. Sikufika. Chechi alikuwa na hamu sana tufike, lakini nilikuwa sitoki upande wa mgonjwa. "Unni", alinieleza, ni kitu kidogo, ni vilevile wanavyomwita mtoto mdogo wa kiume. Alipoisema nilikukumbuka wewe.

Narudi pale pale. Mafuta yakishika moto, na yanaweza, kuna mambo mawili tu. Zima gesi. Funika. Usimwagie maji, Salim, hata kikombe. Maji yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke kwa mara moja na kurusha mafuta yanayowaka mpaka darini. Usikibebe chuma kukitoa nje, utajimwagia. Kifuniko cha bati kipana kuliko chuma, kiwe hapo mkononi kabla hujawasha. Umeniambia umenunua chuma, umenunua upawa, umenunua hata bakuli za kupakulia wageni. Kifuniko sijakisikia.

Na mtu akiungua: maji ya bomba yanayotiririka, ya ubaridi wa kawaida, dakika ishirini kamili, ukitazama saa. Barafu hapana. Samli hapana, ute wa yai hapana, dawa ya meno hapana. Dawa ya meno inafungia joto ndani na daktari akija anaanza kwa kuikwangua. Hilo nililijua baadaye, kwa yule tabibu aliyeniuliza ni nani aliyempaka mtoto huyu, nami nikanyamaza.

Unaujua mkono wako, sina haja ya kueleza. Ila watu wote wanaoniuliza nimekuwa nikiwaambia kwamba ulikimbia jikoni unacheza, na nadhani umelisikia mara nyingi mpaka nawe unalisema. Hukukimbia. Ulikuwa umekaa kwenye kibao nilipokukalisha mimi, ili uone ninavyozipika za Chechi kwa chuma chetu cha vitumbua, kwa upawa uliojaa. Simu ililia, alikuwa mtu ninayemdai, nikatoka uani. Sikukaa sana. Ndiyo maana nasema hata nikipiga mimi usipokee.

Tangu siku ile unniyappam sijazipika tena, na mama yako hakuniuliza kwa nini. Wewe ndiye unayekwenda kuzipika. Naona fahari, na ninaogopa, na sijui kimoja kinaishia wapi kingine kianze. Matokeo yako ya muhula nimeyabandika ukutani dukani, somo la umeme umepata vizuri. Lile la pili usinifiche, nimeliona. Na mama yako usimjibu kwa vidole gumba vya kwenye simu. Aliandika maneno mengi kuhusu kliniki yake, akapata kidole gumba.

Dawa zake za kuyeyusha damu anameza bila kukosa, kipimo cha mwezi huu kilikuwa sawa. Bati la jikoni linavuja upande wa mwembe, fundi ameahidi mara tatu. Mpangaji wa uani amelipa nusu, nusu nyingine anasema akivuna karafuu za babake Pemba, nami nimemkubalia kwa sababu mkewe ni mjamzito. Hiliki ya huko Idukki najua inasifiwa, lakini mama yako hasikii, anasema hakuna inayonukia kama ya kwetu Amani, Usambara. Amefunga robo kilo kwenye kitambaa, anamtafuta mtu anayesafiri. Mdogo wako Zuhura anataka umletee bangili za kioo, nyekundu na kijani, pea mbili, kipimo cha mkono wake kimechorwa nyuma ya karatasi nitakayoipiga picha.

Jumapili saa zenu za naalumani zitakuwa saa saba na nusu huku, nitakuwa ndiyo kwanza natoka kuswali adhuhuri. Sitapiga. Nitakaa barazani. Mkimaliza, moto umezimwa, mafuta yamepoa, ndipo unipigie wewe, na umwoneshe mama yako zilivyo.

Kabla ya hapo, Jumamosi, nenda sokoni ukanunue kifuniko. Picha yake naisubiri.

Wako baba