Korodani isiyoshuka isingojewe hadi siku ya jando

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye safu yako tuzungumze na wazazi na wauguzi wa kliniki za watoto. Katika kila wavulana 100 wanaozaliwa siku zao zikiwa zimetimia, 2 hadi 4 huzaliwa korodani moja au zote mbili zikiwa hazijafika kwenye mfuko wake. Kwa watoto njiti idadi hufika hata 30 kwa 100. Nyingi hushuka zenyewe ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, chache hadi mwezi wa sita. Ukishapita mwezi wa sita, kungoja hakuna faida.

Ushauri unaosikika mitaani, na wakati mwingine hata kwenye zahanati, ni "mwacheni akue, mtaangalia siku ya jando". Wanaousema wanajua kwamba mfuko wa korodani una ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na kwamba joto huharibu mbegu za kiume. Hivyo hudhani madhara huanza kijana akibalehe, mbegu zinapoanza kutengenezwa. Sivyo. Maandalizi yenyewe hufanyika mtoto akiwa bado ananyonya.

Kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, ubongo wa mtoto wa kiume huziamsha korodani kwa homoni. Testosteroni, homoni ya kiume, hupanda kwa muda, kisha hutulia karibu na mwezi wa sita. Ni katika kipindi hicho ambapo seli changa za uzazi alizozaliwa nazo hugeuka kuwa seli shina zitakazozalisha mbegu maisha yake yote. Kwenye korodani isiyoshuka hatua hii mara nyingi hukwama, na idadi ya seli hizo hupungua kadiri miezi inavyopita.

Kinachokwama ndani ya seli kinafaa kuelezwa, maana hapa ndipo elimu imesogea mbele. Seli zote za mwili zina DNA ileile. Seli ya jicho inatofautiana na ya korodani kwa sababu ya alama za kikemia zilizobandikwa kwenye DNA, na kwenye protini za histoni ambazo DNA imejizungushia; alama hizo, za epijenetiki, ndizo huamua jeni ipi isomwe na ipi ifungwe. Kwenye seli za uzazi alama za awali hufutwa karibu zote mtoto akiwa tumboni, kisha mpya huwekwa kwa msaada wa protini kama DNMT3A na DNMT3L. Kazi kubwa ya alama hizo ni kuvifunga vipande vya DNA viitwavyo LINE-1. Vipande hivi ni asilimia 17 hivi ya DNA yetu, na vikiachwa wazi hujinakili na kujipachika popote, hata katikati ya jeni muhimu. Panya dume wasio na DNMT3L hushindwa kuvifunga. Seli zao za uzazi hufa na wanakuwa tasa. Huko Uswisi, Faruk Hadziselimovic na wenzake walichunguza vinyama vidogo vya korodani vilivyochukuliwa wakati wa upasuaji. Kwa wavulana waliokuwa na dalili za kuja kuwa tasa, jeni za kundi la PIWI, ambazo ni ulinzi dhidi ya LINE-1, zilikuwa hazifanyi kazi inavyopaswa.

Ndiyo maana mtoto anayeshushwa korodani akiwa na miaka 8 huweza kukosa mbegu ukubwani, ingawa korodani imeshafika kwenye ubaridi.

Wazazi tayari wana ratiba mkononi: chanjo za wiki 6, 10 na 14, halafu ya miezi 9. Kila mara nepi ifunguliwe. Chumba kiwe na joto, mikono ipashwe moto, mtoto alazwe chali na magoti yakunjwe kwa nje. Mkono mmoja uteleze kutoka mfupa wa nyonga kupitia kinena kuelekea chini, mwingine upokee kwenye mfuko. Sabuni au mafuta kidogo vidoleni husaidia sana. Korodani inayovutwa tu na msuli ikishushwa hutulia chini kwa muda. Isiyoshuka haifiki, au ukiiachia hurudi juu papo hapo. Mikono baridi ndiyo hudanganya wengi. Muuguzi aandike kwenye kadi: zote zipo, au ya kulia haipo. Hata ile ya kuvutwa iangaliwe kila mwaka, kwa kuwa baadhi hupanda na kubaki juu.

Mtoto mchanga ambaye ukimpapasa huipati korodani hata moja asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ya vipimo vya homoni na chumvi za damu. Anaweza kuwa msichana mwenye ugonjwa wa tezi za juu ya figo uliomfanya aonekane kama mvulana, na upungufu wa chumvi huweza kumuua ndani ya wiki chache.

Fedha za ultrasaundi ziwekwe kando. Kipimo hicho hakibadilishi uamuzi. Akifika miezi 6 bila korodani kushuka apelekwe kwa daktari wa upasuaji, na upasuaji ufanyike kabla ya miezi 18, bora zaidi kabla ya mwaka. Daktari hupasua kinena, huitenga ngiri ambayo huwapo mara nyingi, huachia mishipa hadi korodani ifike kwenye mfuko bila kuvutwa, kisha huitengenezea kifuko chini ya ngozi. Mishipa ikivutwa kwa nguvu, korodani hukosa damu na kusinyaa. Korodani isiyopatikana kabisa kwa kupapasa hutafutwa tumboni kwa kamera.

Utafiti wa Uswidi uliowafuatilia wanaume karibu 17,000 ulionyesha kuwa waliofanyiwa upasuaji kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari ya saratani ya korodani mara 2 hivi ya watu wengine. Waliochelewa, zaidi ya mara 5. Kuhusu kuongeza homoni baada ya upasuaji ili kuamsha seli zilizokwama, wataalamu bado hawajaafikiana, na mzazi asiuziwe sindano kwa ahadi hiyo.

Kwa waliokwisha kuwa watu wazima: aliyekuwa na tatizo upande mmoja kwa kawaida huzaa, karibu 90 kwa 100; pande zote mbili, karibu 65. Ndoa ikikosa mtoto, mume apimwe shahawa pamoja na mkewe, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7, na amweleze daktari kovu lake la kinenani. Inatuumiza kuona mwanamke akizungushwa hospitali miaka kadhaa, na mume hajaulizwa swali hata moja.

Madaktari wa upasuaji wa watoto,
Dar es Salaam