Mbegu za miti mitatu hazitoshi kurudisha msitu

Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu misitu ya Ulaya inayokauka. Mwandishi ameeleza vizuri jinsi joto na ukame vilivyoiangusha miti, ila ushauri alioutoa mwishoni umenikosesha amani. Anataka itafutwe miti michache iliyohimili jua kali, izalishwe kwa wingi kwenye vitalu, kisha ipandwe kila mahali. Mimi hukusanya mbegu za miti katika jimbo la Hessen, Ujerumani, mwaka wa kumi na moja sasa, na naomba nafasi ya kumjibu.

Tukumbuke kwanza ni msitu wa namna gani uliokufa. Kati ya Januari 2018 na Aprili 2021, Ujerumani ilipoteza miti kwenye takriban hekta 501,000, kwa hesabu iliyofanywa kutoka picha za setilaiti. Sehemu kubwa ilikuwa sprusi, mti wa jamii moja na msonobari. Mingi ilipandwa baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati misitu ilikuwa imekatwa kwa fidia ya vita na kwa kuni, na nchi inataka mbao upesi. Ilipandwa safu kwa safu, umri mmoja. Mizizi ya sprusi haiendi chini sana. Maji yakipungua, mti unakosa utomvu wa kumzuia bungua wa magome, mdudu anayetoboa chini ya gome, naye akimaliza mmoja, unaofuata ni wa aina ileile, uko mita mbili mbele. Nilipita milima ya Harz mwaka 2020 nikakuta mlima mzima wa kijivu. Niliokota gome na kuligeuza: mfereji aliotoboa bungua mama umepanda wima, na vijifereji vya watoto wake vimetoka kulia na kushoto, vyembamba kama uzi.

Mti ninaoujua zaidi, hata hivyo, ni buche (kwa Kiingereza beech). Huu ndio mwenyeji wa huku, gome lake la kijivu na laini, na kivuli chake kizito. Msitu wa buche wa Kellerwald, hapahapa Hessen, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Wengi wetu tuliamini buche hautikisiki. Ukame wa 2018 na 2019 ukatuonyesha vingine.

Mwezi wa nane 2019 nilisimama kati ya buche mbili zilizoachana hatua sita. Udongo mmoja, mteremko mmoja, mvua ileile iliyokosekana. Mmoja ulikuwa umepukutisha nusu ya majani na matawi ya juu yamekauka. Jirani yake ulikuwa kijani mpaka kileleni. Nilidhani huu wa pili umebahatika kupata maji chini kwa chini. Kumbe mtafiti Markus Pfenninger na wenzake wa taasisi ya utafiti ya Senckenberg, Frankfurt, nao walikuwa wakitafuta miti ya namna hiyohiyo humu Hessen: jozi zaidi ya 200, mgonjwa na jirani yake mzima. Walisoma jeni za miti hiyo, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba sehemu zaidi ya 100 za urithi wake zinahusiana na kustahimili ukame. Hakuna jeni moja inayobeba kazi yote. Ni nyingi, kila moja inachangia kidogo, na kila mti una mchanganyiko wake.

Najua mwandishi wenu atasema: basi chukueni ule wa kijani. Ndiyo, tuuchukue, lakini tusiuchukue peke yake. Mti huo umeshinda mtihani mmoja tu, wa ukame. Aprili 2024 joto liliwahi, miti ikachanua mapema, halafu jalidi ikashuka usiku na kuyachoma majani machanga. Hapo aliyefaidika ni mti mzito wa kuchanua, ambao hakuna aliyeusifu mwaka 2019. Na mti mwingine wa huku, Esche (kwa Kiingereza ash), unauawa na kuvu iliyotoka Asia ya Mashariki, ikaonekana Poland miaka ya 1990. Ni asilimia chache tu inayohimili. Kabla kuvu haijafika, hapakuwa na bwana miti yeyote ambaye angeweza kuionyesha kwa kidole miti itakayohimili. Mche wa buche ninaoukabidhi leo huenda ukawa bado umesimama mwaka 2200, na mpaka hapo utakuwa umepita mambo ambayo hatuwezi kuyataja kwa majina.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Buche hauzai kila mwaka. Ukizaa, tunatandika nyavu chini yake kuanzia Septemba. Mbegu ni za kahawia, zenye pembe tatu, zinakaa mbilimbili ndani ya ganda lenye miiba laini, na upepo ukivuma zinagonga wavu kama rasharasha juu ya bati. Sheria ya hapa inataka zitoke kwenye msitu uliosajiliwa na zisafiri na cheti chake. Msimu mmoja, kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilikuwa na haraka. Msimamizi akatupeleka kwenye miti mitatu mikubwa kando ya barabara, kwa kuwa imezaa sana na gari linafika. Siku mbili tukajaza magunia. Kwenye karatasi, mbegu zile zimetoka msitu mzima. Nilinyamaza, na mpaka leo inaniuma. Ni kweli upepo huleta chavua ya baba wengi, lakini nusu ya urithi wa kila mche ilitoka kwa mama wale watatu. Maelfu ya miche ikapandwa kwenye mteremko uliokufa sprusi. Ukiutazama leo unapendeza, ila ni watoto wa nyumba tatu.

Nimelelewa Lushoto, na marehemu baba alikuwa kibarua kwenye shamba la misaipresi. Vidukari wa misaipresi walionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 walikuwa wameshafika Kenya; kwetu, katikati, hatukusalimika. Nakumbuka majani yakigeuka kahawia kuanzia ndani ya mti kwenda nje, na unato uliobaki mikononi tukishika matawi. Baba alikuwa akitembea kati ya safu bila kusema neno. Sitaki kuona safu kama zile tena, hata ziwe za mti bora kiasi gani.

Kinachotakiwa kinawezekana. Nyavu zitandikwe chini ya miti mingi iliyoachana mbali, ukiwemo ule wa kijani na ule mzito wa kuchanua. Buche zilizobaki zikiangusha mbegu na miche ikaota yenyewe, iachwe ikue. Mbegu za kusini kunakopata joto zaidi zichanganywe na za hapa, zisichukue nafasi yake.

Gazeti lenu huandika mara kwa mara idadi ya miche iliyopandwa, huku na huko nyumbani. Naomba waandishi waongeze swali moja: mbegu zilitoka kwa miti mama mingapi, na imeachana kwa umbali gani? Mimi nimeanza kuiandika namba hiyo kwenye kila gunia, ingawa fomu haina nafasi yake.

Mkusanya mbegu,
Kassel, Ujerumani