Barua ya wazi kwa vijana wetu wa zahanati za Kisumu: ilindeni ile dakika moja

Wanangu wauguzi na maafisa wa kliniki, hamjambo?

Nimesikia kwamba wengi wenu mmeshapangiwa vituo. Wengine mko Nyalenda na Manyatta, wengine mmepelekwa Seme, Nyakach na Muhoroni. Hongereni sana. Mimi nimestaafu uuguzi. Nilikaa miaka mingi kwenye chumba cha watoto, kisha nikapewa kazi ya kuwafundisha wenzangu namna ya kumhudumia mtoto mwenye kikohozi. Nawaandikia kwa sababu kuna jambo linaloninyima usingizi: watoto wanapewa antibiotiki ambazo hawazihitaji, na wale wanaozihitaji wanapita mbele yetu bila kuonekana. Watu huyatenga mambo haya mawili, kumbe chanzo chake ni kimoja. Hatuhesabu pumzi za mtoto kwa dakika moja, hesabu inayotuonyesha kama ana nimonia.

Mnajua tayari kwamba mafua na kikohozi cha kawaida cha mtoto huletwa na virusi, na kwamba antibiotiki haiwezi kirusi. Mnajua pia kwamba hakuna ugonjwa wa kuambukiza unaoua watoto wa chini ya miaka 5 duniani kuliko nimonia. Mliyasoma hayo chuoni na mkayajibu kwenye mtihani. Shida haiko kwenye kujua. Shida inaanza saa nne asubuhi, foleni imefika langoni, muuguzi uko peke yako, na mama wa kumi na tano anaketi mbele yako akisema, "Daktari, mtoto anakohoa." Hapo kalamu huandika amoksisilini, ile antibiotiki ya nimonia, hata kabla mtoto hajafunguliwa leso.

Basi nawaomba, mfungueni huyo mtoto. Nyinyi wenyewe mnajua tunavyowavisha watoto hapa kwetu: sweta, kofia ya sufu na blanketi juu, hata jua la Kisumu likiwa linachoma. Mwambie mama amwinue nguo mpaka tumbo na kifua vionekane. Kama mtoto analia, ngoja. Mama amnyonyeshe kwanza anyamaze, kisha aachie titi, maana mtoto anayelia au anayenyonya hesabu yake haiaminiki. Akilala ni heri zaidi. Ukishaona kifua kinapanda na kushuka, tazama saa na uhesabu dakika nzima. Nasisitiza dakika nzima. Wapo wanaohesabu sekunde 15 kisha wakazidisha kwa nne, na mtoto hapumui kwa mpangilio wa namna hiyo. Ukikosea pumzi mbili tu, umeshakosea nane.

Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni haraka. Rudia kuhesabu, na kama bado ni hivyo, huyo ni wa rufaa, usimweke kwako. Kuanzia miezi 2 hadi mwaka, ni 50 au zaidi. Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Ukimaliza kuhesabu, usishushe nguo bado. Angalia chini ya mbavu: anapovuta pumzi, je, kifua kinabonyea ndani? Sikiliza pia. Kifua kikipiga mluzi, mpe kwanza dawa ya kufungua njia ya hewa, kisha hesabu upya. Nimeona watoto wengi wakiandikiwa nimonia ilhali walichohitaji ni salbutamoli tu.

Asiyepumua haraka, kifua hakibonyei, ananyonya, anacheza na kalamu yako mezani, huyo ana kikohozi au mafua. Haandikiwi antibiotiki. Anayepumua haraka au kifua kinabonyea, bila dalili za hatari, ana nimonia, na kwa aliyetimiza miezi 2 inatibika kwa amoksisilini ya kumeza nyumbani. Mwongozo wa zamani ulitaka kila mtoto ambaye kifua kinabonyea alazwe. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha jambo hilo mwaka 2014, na bado nakutana na watu wanaofuata ule wa zamani. Lakini asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, aliyelegea au kupoteza fahamu, anayekoroma akivuta pumzi hali ametulia, au ambaye kipima oksijeni kinasoma chini ya asilimia 90, huyo mpe dozi ya kwanza ya sindano na umpe rufaa mara moja. Dakika utakazotumia kumtuliza mama na kumtafutia gari zina thamani kuliko rejista.

Kuna jambo la kwetu ambalo ni lazima niliseme. Kanda ya ziwa ni nchi ya malaria. Zamani kila joto la mwili lilikuwa malaria mpaka ithibitike vingine, na mtoto mwenye nimonia alirudishwa nyumbani na dawa ya malaria peke yake. Sasa tuna vipimo vya haraka, jambo jema kabisa, ila tumezua kosa la pili: kipimo kikionyesha hakuna malaria, mkono unakimbilia antibiotiki, kana kwamba mtoto mwenye joto lazima atoke na mojawapo. Siyo hivyo. Kipimo cha malaria hakisemi lolote kuhusu mapafu. Mtoto anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja, na anaweza kukosa zote mbili akawa na virusi tu. Pima malaria, na uhesabu pumzi. Moja halichukui nafasi ya lingine.

Nikija kwenye dawa yenyewe, nitakuwa mfupi kwa sababu chati iko ukutani. Vidonge vya amoksisilini vya miligramu 250 vinavyoyeyuka ni bora kuliko dawa ya unga, ambayo mama huichanganya na maji kwa kukisia kisha hana friji ya kuiweka. Kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa mtoto wa miezi 2 hadi mwaka 1, viwili mara mbili kwa wa mwaka 1 hadi 3, vitatu mara mbili kwa wa miaka 3 hadi 5, siku 5. Dozi ya kwanza mpe hapo hapo. Mama mwenyewe ayeyushe kidonge kwenye kijiko cha maji safi nawe ukitazama, maana mama aliyefanya kwa mikono yake hasahau akifika nyumbani. Antibiotiki nyingine kama seftriaksoni na azithromaisini ziacheni kwa wanaozihitaji. Shirika la Afya Duniani limeziweka kwenye kundi la dawa za kuchungwa, na kila tunapozimwaga kwa mafua tunawasomesha vijasumu jinsi ya kuzishinda. Alexander Fleming aliyegundua penisilini mwaka 1928 alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel, kwamba dozi isiyotosha huvifundisha vijidudu usugu. Si habari mpya.

Sasa tuje kwa mama, maana hapa ndipo wengi wenu mnaposhindwa, nami nawaelewa. Amelipa bodaboda kutoka mbali, ameacha kibanda cha mboga bila mtu, naye haondoki mikono mitupu. Ukimwambia tu "hahitaji dawa," atasikia "sijamsaidia," na jioni ataingia duka la dawa anunue vidonge vinne vya rangi mbili kwa shilingi alizobakiza. Usimlaumu. Mpe kitu cha kushika, na kitu hicho ni maneno. Mwambie, "Nimehesabu pumzi zake, ni 34. Kwa umri wake, nimonia inaanzia 40. Mapafu yake yako sawa." Mwonyeshe kifua. Mwambie aendelee kunyonyesha, na kama mtoto amezidi miezi 6, ampe vinywaji vya vuguvugu. Asali ni kwa aliyepita mwaka 1 peke yake. Mwambie kikohozi kinaweza kufika wiki mbili bila kuwa cha hatari. Kikipita siku 14 amrudishe, tumchunguze kifua kikuu. Kisha mfundishe mambo ya kumrudisha usiku huo huo: akipumua haraka, akishindwa kunywa, akizidiwa. Mwambie ayarudie kwa mdomo wake. Ukiwa na mama wa Kijaluo asiyejua Kiswahili vizuri, mtafute anayejua Dholuo amfafanulie; usibahatishe.

Kama anatoka mtaa wa Obunga na anakaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyotolewa minofu, muulize mtoto hukaa wapi wakati moto unawaka. Moshi ni adui wa mapafu ya mtoto, na sijui kama kuna chuo kilichowakumbusha kuuliza swali hilo. Tazama pia kijitabu cha kliniki. Chanjo ya nimonia inatolewa nchini tangu 2011, kwa wiki 6, 10 na 14, na aliyekosa dozi ahudumiwe siku hiyo hiyo badala ya kuambiwa arudi Jumatano.

Nanyi mnaoandaa mafunzo, msinichukie kwa nitakalosema. Siku tatu za slaidi kwenye ukumbi wa hoteli hazimfundishi mtu kuhesabu pumzi. Wapelekeni wodini, kila mmoja ahesabu watoto mbele ya mwalimu, wawili wahesabu mtoto mmoja kwa wakati mmoja kisha walinganishe. Na baada ya mwezi au mwezi na nusu, mfuateni kila mmoja kituoni kwake, mkae pembeni mkimtazama akihudumia. Cheti hakionyeshi ikiwa mtu ameacha kuhesabu wiki ya pili kwa sababu mkuu wa kituo alimwambia anachelewesha foleni.

Kwa hiyo, wakuu wa vituo, jambo hili liko mikononi mwenu. Mhamasishaji wa afya ya jamii anaweza kukaa na kina mama kwenye benchi, awafungue watoto blanketi na kuwatuliza kabla hawajafika mezani. Mtaona dakika hiyo haipotezi wakati wa mtu. Kila mwisho wa mwezi chomoeni rekodi kumi za watoto wenye kikohozi. Tazameni kama idadi ya pumzi imeandikwa, na kama dawa iliyotolewa inalingana nayo. Kaeni na aliyeandika, msome pamoja kwa upole, bila kumfokea mbele ya wagonjwa. Na saa ya ukutani ikisimama, nunueni betri siku hiyo hiyo.

Wasalaam,
Mama yenu, muuguzi mstaafu, Kisumu