Barua kutoka Chicago: bahasha mbili za kaki

Chicago, Oktoba 2021

Shoga yangu mpenzi,

Salaam nyingi kutoka huku ambako baridi imeanza kubisha hodi. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa jikoni, wali ukashika chini. Umesema mnataka kuwaigiza wahadhiri wetu kwa tashtiti, yaani kuwacheka kwa kejeli, na kwa kuwa ukumbi mmekosa mtapitia mtandaoni kama tulivyofanya sisi. Ukaniuliza mambo mawili: mliwezaje, na je, huku si kuwaanika watu wetu? Hilo la pili limeninyima usingizi. Nitalifikia, ila nianze na la kwanza, maana yanashikana.

Unakumbuka kumbi za maigizo za Broadway, kule New York, zilifungwa kwa ajili ya korona tarehe 12 Machi 2020, na huku kwetu nako milango ikafungwa siku hizohizo. Mchezo wetu ulikuwa umeshaandikwa kwa ajili ya jukwaa: idara ya masomo ya Watu Weusi katika chuo kikuu kisichotajwa jina, wahadhiri watano, nafasi moja tu ya ajira ya kudumu. Tuliukalia mwaka mzima tukisubiri. Kiangazi cha 2021 mwandishi, binti wa hapahapa South Side, akasema basi, tuache kusubiri. Watu hawa sasa wanaishi ndani ya kioo cha kompyuta, vikao vyao vyote vimo humo, na tukiwatoa humo tutakuwa tunadanganya. Akauandika upya wote uwe kikao kimoja cha idara, mwanzo hadi mwisho. Mimi nilidhani anatafuta njia ya mkato. Baada ya wiki mbili za mazoezi nilimwomba radhi.

Kilichotutesa kwanza ni macho. Kwenye kompyuta, ukimtazama mwenzako usoni watu wanakuona umeinamisha macho kama mtu anayesoma simu kwa kuiba. Ili uonekane unamtazama, inabidi uuache uso wake na kulikazia macho tundu la kamera. Waigizaji wangu watatu walikuwa Chicago, mmoja Atlanta, mmoja Oakland, kila mtu chumbani kwake, wanajifunza kumkasirikia mtu kwa kukodolea tundu jeusi. Tuliwabandikia vipande vya karatasi kuizunguka kamera: huyu kushoto, huyu kulia, huyu juu.

Halafu ile bahasha. Kuna barua ya kamati inayopita mkono kwa mkono. Nilinunua bahasha za kaki za aina moja, nikakunja kona ileile ya kila moja, nikawapelekea wote kwa posta. Wa Atlanta anaisukuma yake nje ya dirisha upande mmoja, wa Oakland anaivuta ya kwake kutoka upande wa pili, kwa mpigo mmoja. Tulirudia jioni nzima. Ilipokaa sawa tulipiga kelele sote, na mtoto wa mmoja wao akaja mbio kuuliza nani kafa. Ili madirisha yasihamehame kwa kila mtazamaji, kijana wetu wa mitambo aliyachukua yote, akayapanga kwenye programu ya kurushia matangazo, ndipo yakaenda hewani. Hilo nitamwomba akueleze mwenyewe.

Sauti ni mtihani mwingine. Programu za mikutano, watu wawili wakisema kwa pamoja, huchagua sauti moja na kuimeza nyingine. Ugomvi wote wa watu watano kubwatukiana ulikufa siku ya kwanza. Mwandishi alilia, kweli alilia. Kisha akagundua kwamba anayemezwa kila mara ni yuleyule, dada wa Atlanta, kwa kuwa sauti yake ni laini. Akaliacha hivyohivyo. Mhusika huyo ndiye mwanagenzi wa idara, na mchezo mzima kila anapofungua kinywa anamezwa.

Na ngozi zetu, shoga. Ukuta mweupe nyuma yako, kamera inajipunguzia mwanga, uso wako unageuka kivuli. Wazee wa filamu walishayaona haya zamani: kwa miongo mingi rangi za Kodak, kampuni ya filamu za kamera, zilipimwa kwa picha ya mwanamke Mzungu. Septemba 2020 kuna mwanafunzi wa uzamivu wa Kanada aliyesimulia kisa cha mwenzake, mhadhiri Mweusi, ambaye kila akiweka mandhari ya bandia nyuma yake, programu ilimfuta kichwa. Inabaki shati na mandhari ile. Badala ya kichwa chake, programu ilidhani tufe la dunia la rangi hafifu lililokuwa nyuma yake ndilo uso. Nilipowasomea waigizaji, hakuna aliyecheka. Hapo tukaamua: hakuna mandhari ya bandia. Kila mmoja alitundika kitambaa halisi cha rangi ya udongo, na taa mbili zimulike kutoka pembeni, usawa wa macho. Ninyi msipate taabu ya kununua kitu. Blanketi la kahawia na dirisha la asubuhi vinatosha.

Sasa swali lako la pili. Unasema Weusi maprofesa huku ni wachache, tukiwacheka tunampa adui fimbo. Ni wachache kweli. Takwimu za serikali za 2018 zinaonyesha kwamba katika kila maprofesa kamili 100 wa Marekani, Weusi ni kama 4. Na historia yao inauma. W. E. B. Du Bois, Mweusi wa kwanza kupata shahada ya uzamivu Harvard, mwaka 1895, aliajiriwa mwaka uliofuata na Chuo Kikuu cha Pennsylvania awachunguze Weusi wa Philadelphia. Hakupewa darasa la kufundisha, na mwenyewe aliandika baadaye kwamba hata jina lake halikuwekwa kwenye orodha ya walimu. Kumbuka pia tulikuwa ndio kwanza tunaanza mazoezi Juni 2021 wakati habari ya Nikole Hannah-Jones, mwandishi wa habari Mweusi, inawaka. Chuo Kikuu cha North Carolina kilimwita afundishe uandishi wa habari, bodi haikuipigia kura ajira ya kudumu, akapewa mkataba wa miaka mitano. Baada ya kelele nyingi wakapiga kura tarehe 30 Juni, 9 kwa 4, akakubaliwa. Tarehe 6 Julai akatangaza kwamba hatakwenda, anakwenda Howard, chuo kikuu cha Weusi. Usiku huo mwandishi wetu alinipigia akaniuliza, sasa mimi niandike nini ambacho hawajakifanya?

Kwa hiyo naelewa hofu yako. Lakini, shoga, nikuulize wewe Mngoni: ulifanya nini kwenye msiba wa baba yangu?

Nakukumbusha. Iringa, siku ya tatu, watu wamekaa kwenye mikeka, mama hajaongea tangu mazishi. Ukatoka chumbani umevaa koti la marehemu, lile la kijivu lenye chaki mfukoni, kofia yake, miwani yake puani, ukashika fimbo yake. Ukatembea katikati ya waombolezaji ukawaambia watoke nje mmoja mmoja, wanawe ndio watangulie, kwa kuwa hesabu ya kugawanya imewashinda darasa zima. Ile sauti ya puani, ile namna yake ya kusema "nyie" na kunyamaza. Wahehe wote wakakutazama. Mama akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka. Kisha ukadai pesa ya ugoro ndipo uvue koti. Na ni wewe huyohuyo uliyelala na mama chumba kimoja wiki nzima, uliyechota maji na kuosha masufuria ya msiba.

Nilipokuwa nasoma mswada wa binti huyu nilikuona wewe ndani ya lile koti. Mzungu wa chuoni angemwigiza baba vile tungemfukuza kwa mawe. Wewe babu zako walipigana na babu zangu, tukawa watani, na mtani haki yake ya kumcheka marehemu inakwenda pamoja na kazi yake ya kumzika. Nikamwambia mwandishi: tunahitaji watani.

Maana kuna jambo sijakuambia. Matangazo ya namna ile humfikia mtazamaji nusu dakika baadaye, na kicheko chake hakirudi kwa mwigizaji kamwe. Watu wangu walikuwa wanacheza tashtiti ndani ya vyumba vilivyokufa kimya. Mwigizaji asiposikia kicheko, anaongeza. Anapaza sauti, anakunja uso, na mhusika anageuka kikatuni. Hapo ndipo kweli unawaanika watu. Tulialika basi watu kumi na wawili wakae ndani ya kikao chenyewe, kamera zimezimwa, maiki wazi, na sauti zao ziingie masikioni mwa waigizaji. Tuliwachagua mmoja mmoja: maprofesa Weusi waliostaafu, wanafunzi wao, mama mmoja aliyefagia ofisi za chuo miaka mingi na kuyajua yote yaliyoandikwa kwenye karatasi za takataka. Watu ambao profesa yule akifa, watakwenda. Waigizaji wakatulia mara moja, wakaanza kuigiza watu wenye mifupa.

Kulikuwa na jambo moja nililolishikilia, nawe ukiwa mwalimu wa Kiswahili utanielewa. Mkuu wa idara katika mchezo hufungua kila kikao kwa kusema "Harambee!" na kamati ya kugawana bajeti inaitwa Ujamaa. Si utunzi wa hivihivi: Chuo Kikuu cha Cornell wana bweni linaloitwa Ujamaa tangu 1972, na Nguzo Saba za Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, za tangu 1966, zote ni maneno yetu. Mswada wa kwanza ulitaka ayatamke vibaya ili watu wacheke. Nilikataa. Hao walikuwa vijana waliovuliwa lugha za babu zao, wakatafuta lugha moja ya Afrika ya kujiitia, wakaichagua hii ya kwetu. Sitamcheka mtu kwa hilo, wala kwa lafudhi yake. Mwandishi alinibishia siku mbili. Mwishowe mkuu wa idara anayatamka sawasawa, vizuri kuliko vijana wa Dar, na kicheko kinakuja pale anaposema "Ujamaa" huku amekumbatia ile bahasha ya kaki kifuani asiione mwingine.

Onyesho la kwanza lilikuwa saa nane mchana wa huku, saa nne usiku kwako, na uliniambia bando lilikata kabla ya mwisho. Basi nikusimulie ulichokosa.

Yule dada mpole anaitwa kujieleza mbele ya kamati kuhusu nafasi ile. Amejiandaa mwaka mzima. Anavuta pumzi, anaanza, na maiki yake imezimwa. Alama nyekundu tunaiona sote kwenye kona ya dirisha lake. Kamati nao wanaiona. Hakuna anayemwambia. Anaongea dakika tatu na nusu, midomo inakwenda, mikono inakwenda, mara moja anacheka kwa alichokisema mwenyewe, mara moja anafuta jicho, na sisi hatusikii ila feni ya kompyuta ya mtu. Wenzake wanatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja anaandika. Akimaliza, mkuu anasema asante sana kwa mchango wako mzito, wanapiga kura.

Watani wetu walianza kucheka alama ile ilipotokea tu. Dakika ya kwanza kicheko, ya pili kinapungua. Halafu nikasikia kwenye visikizi sauti ya bibi mmoja, profesa mstaafu, kama aliyesahau kwamba maiki yake iko wazi: "Mwanangu, hawakusikii." Haikuwa kwenye mswada. Akarudia kwa nguvu, kama wanavyoitikiana kanisani kwao. "Mwanangu! Sauti!" Kisha yule mama mfagiaji naye, kisha wote kumi na wawili, sauti zinamezana, programu inazitafuna, unapata vipande tu vya neno.

Binti aliwasikia. Masikio yake yalikuwa yamejaa wao. Mhusika hakutakiwa kuwasikia, kwa hiyo hakusimama, lakini nikaona ameegemea mbele kuelekea lile tundu jeusi mpaka uso ukajaza dirisha, na maneno yale ambayo hakuna aliyeyasikia akayasema polepole, moja moja, ili bibi yule ayasome midomoni. Mwandishi alikuwa pembeni yangu na barakoa yake imelowa. Bibi alinipigia kesho yake. Akaniambia alikaa kwenye kamati kama ile miaka mingi, na aliwahi kuwa yule anayetikisa kichwa.

Kwa hiyo kabla hujaandika ukurasa mmoja, niambie nani utawaweka masikioni mwa waigizaji wako. Hapo Dar hutawakosa: yupo karani wa idara, yupo muuza karanga wa getini ambaye kawakopesha maprofesa wangapi. Mswada nitausoma hata ukiwa na kurasa mia, ila nitumie kabla ya Krismasi. Nisalimie watoto na shemeji, na umwambie mama akija Dar kwamba ile picha ya baba imefika salama.

Bahasha mbili za kaki nampa mtu anayesafiri mwezi ujao. Nimezikunja kona ya juu kulia. Zikikunjuka njiani, zikunje tena upande huohuo, maana watu wanaona.

Mtani wako,
mimi