Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Garsen

Mwanangu,

Nasikia Jumatatu unaanza zamu kwenye redio ya jamii huko Garsen. Hongera, ingawa habari hiyo nilistahili kuipata kwako, si kwa shangazi yako.

Linaloninyima usingizi ni simu za wasikilizaji. Kipokomo unakimudu, Kiorma hukijui. Mtu akitukana kwa Kiorma, wewe utakuwa unaitikia "naam, naam" huku delta nzima ya Mto Tana inamsikia. Usifungue laini mpaka mwenzako anayekijua awe ameketi ubavuni mwako, si nje anakunywa chai. Mwaka 2012 Wapokomo na Waorma waliuana hapo, wakafa zaidi ya watu 100, na ugomvi wa malisho na maji haujaisha.

Kama hakuna mashine ya kuchelewesha sauti, simu ipokewe kwanza nje ya hewa: jina, kijiji, anataka kusema nini. Kisha nyinyi ndio mumpigie. Azime redio yake, la sivyo sauti itajirudia na hamtasikilizana. Akiharibu, shusha sauti ya simu, maiki yako iache wazi uendelee kuongea. Wala usirudie maneno yake ili kuyakanusha. Utakuwa umeyatangaza mara ya pili.

Usidhani hatari iko kwenye siasa tu. Iko kwenye salamu. "Nawasalimu wale wageni wa ng'ambo ya mto, wajiandae": hiyo si salamu. Kwa maneno ya chuki za kikabila, adhabu ya sheria ya uwiano ya 2008 ni faini hadi shilingi milioni 1 au kifungo hadi miaka 3, au vyote. Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alifikishwa hadi mahakama ya kimataifa ya jinai (ICC) huko The Hague. Kesi ilisitishwa 2016, lakini ile miaka nani atamrudishia?

Kalamu yako ni nzuri, sina wasiwasi nayo. Ukiwaandika Wapemba wa Kilifi na Kwale, waliotambuliwa na serikali kuwa Wakenya 2023, nambari ya kitambulisho isionekane pichani, na jina kila mtu akuandikie mwenyewe daftarini.

Neti nimeitia kwenye begi la buluu. Fundi amepima paa la jiko, anataka mabati 8. Mshahara wa kwanza lipa kodi ya chumba kwanza, paa litangoja.

Nijibu upesi: huyo anayejua Kiorma ni nani, na jioni huwa yupo?

Mama yako