Salma, haya majibu ya ule ugomvi wenu wa barazani

Shoga'angu Salma,

Assalaam alaykum. Mama hajambo? Mguu wake vipi sasa? Sie huku Maskati wazima, joto tu, saa nne asubuhi hata kivulini hukai. Vois yako nimeisikiliza yote mpaka mwisho, ile ya wewe na kaka'ko mnavyogombana, yeye anasema bahari hii ilikuwa ya Waarabu na biashara zao mpaka Mzungu akaja kuipora, we unasema Mzungu ndo kaja kuwaokoa watu na utumwa, halafu eti mimi niwaamulie kwa kuwa nakaa Oman. Siwaamulii ng'o. Ila ntakupa kisa kimoja ambacho hakimfai kaka'ko wala hakikufai wewe, nacho ni cha Wasuri, mabaharia wa Suri huku Oman.

Wasuri wale wale, ndio. Wale bibi alokuwa akitutishia nao, usitoke nje magharibi msimu wa kaskazi Mmanga atakutia guniani. Na wala haikuwa hadithi ya kutulaza, maana zamani kweli kaskazi ikiingia na majahazi yakijaa bandarini watu wa Unguja walikuwa wakificha watoto na watumwa wao, wageni wale walikuwa wanaiba watu na kuondoka nao kusi ikianza kuvuma. Suri yenyewe ni mji wa pwani kusini mashariki ya Maskati, kwa gari masaa mawili hivi, mafundi wa majahazi hasa wale, mpaka leo lipo jahazi lao moja la aina ya ganja limewekwa pale watu walione, linaitwa Fatah al-Khair. Wakishuka na kaskazi wanaleta tende, chumvi na papa mkavu, wakirudi na kusi wamepakia boriti za mikoko, karafuu, nazi, na miaka hiyo ninayokuhadithia, watu pia. Usimwache kaka'ko aliruke hilo neno la mwisho.

Sasa mambo ya bahari kutakiwa cheti aliyaleta Mreno. Sisemi kabla yake bahari ilikuwa pepo, maharamia walikuwepo na ushuru ulilipwa kila bandari, lakini hakuna mfalme aliyesimama akasema bahari yote yangu na anayepita apite kwa karatasi yangu. Mreno alisema. Vasco da Gama kapita 1498, ilipofika 1505 Kilwa na Mombasa zishapigwa, 1507 jemadari wao Albuquerque kaichoma hii Maskati, na baada ya hapo ukitaka kusafirisha mali yako lazima uwe na cheti chao, cartaz, kimeandikwa nani nahodha, umepakia nini, unakwenda wapi, na njiani upite kwenye ngome zao ulipe. Huna, jahazi linachukuliwa na kila kilichomo. Waomani wakaja kumtoa Maskati 1650 wakamfuata mpaka Mombasa, Fort Jesus ikazingirwa karibu miaka mitatu ikaanguka 1698. Hapo kaka'ko atashangilia, mwache ashangilie kidogo.

Mwingereza alikuja kivingine, yeye alikuja na mikataba. Ule wa 1822 na Seyyid Said, aliyetawala Oman na Zanzibar, wa 1845, kisha wa 1873 ambao mwanawe Barghash, Sultan wa Zanzibar, alilazimishwa na manowari kufunga soko la watumwa la Unguja. Na hapo we ndo utashangilia, na kusema kweli una haki, soko lile kufungwa ni kheri na hakuna wa kulitetea. Lakini angalia alivyofanya kazi yenyewe. Manowari zake zikapata ruhusa ya kusimamisha jahazi lolote la raia wa Sultan na kulipekua, mabaharia wake wanapewa zawadi ya fedha kwa kila jahazi la watumwa watakalolikamata, na ukimpa mtu fedha kwa kila mwizi anayemleta wezi watakuwa wengi, si unajua, kwa hiyo kuna majahazi ya halali kabisa yaliyochomwa moto baharini na wenyewe wakabaki wanalia tu.

Sasa Wasuri wakafanya nini? Wakaangalia nani Mwingereza hamgusi. Wakamwona Mfaransa. Maana Mfaransa alikataa katakata manowari za Kiingereza zipekue chombo chenye bendera yake, si kwa kuwapenda watumwa wala kuwachukia, ni heshima tu na ushindani, tena yeye mwenyewe alikuwa na mashamba ya miwa kwenye visiwa vyake vya Réunion, Mayotte na Nossi-Bé yanayotaka vibarua na vibarua wenyewe tunajua walivyokuwa wakipatikana. Basi Msuri anakwenda kwa konsuli wa Kifaransa, au anajiandikisha Mayotte, Nossi-Bé, baadaye Obock kule Jibuti, anatoka na cheti na bendera ya rangi tatu. Mtu amezaliwa Suri, jahazi limeundwa Suri, raia wa Sultan wa Maskati, lakini bendera ikipandishwa juu Mfaransa huyo! Mimi hapa huwa nacheka peke yangu kwa ujanja wao, halafu nakumbuka kilichokuwa chini ya sitaha kicheko kinaniisha.

Na damu ilimwagika. Desemba 1881 Brownrigg, kapteni wa HMS London ile manowari iliyokuwa ikikaa bandarini kwetu, alikuwa karibu na Pemba kwenye kimashua cha mvuke na watu wachache, akalikuta jahazi lina bendera ya Kifaransa. Bendera ile haikumruhusu kulivamia, aliruhusiwa kutaka kutazama vyeti tu. Waliomo ndani wakawafyatulia risasi, akafa pale pale yeye na baadhi ya watu wake. Lilikuwa na watumwa.

Ila usidhani Mwingereza alikuwa anawaza watumwa tu, huku Maskati ilionekana wazi. Said alipofariki 1856 wanawe wakagombana, Mwingereza akaamua 1861 kwamba Zanzibar na Oman ziachane na Zanzibar iilipe Maskati riale 40,000 za Maria Theresa kila mwaka, na toka 1873 pesa hizo zikawa zinatoka hazina ya India ya Mwingereza. Anayekulipa mshahara unajua anavyoongea na wewe. 1898 Sultan Faisal bin Turki akawaruhusu Wafaransa wapate mahali pa kuweka makaa ya meli zao Bandar Jissah, hapa nje kidogo tu ya mji, siku hizi ni hoteli za kifahari tupu. 1899 Mwingereza kaleta manowari, kamwambia futa ahadi hiyo mbele za watu au napiga jumba lako. Faisal kafuta. Angefanyaje, miaka mitatu tu nyuma, Agosti 27, 1896, jumba la Unguja lilipigwa mizinga kwa kama dakika arubaini na Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ya Mwingereza kutaka, akakimbilia kwa konsuli wa Kijerumani, na Khalid na Faisal ni watoto wa ndugu, Turki na Barghash wote wana wa Said. Hakuhitaji kuhadithiwa mara mbili.

Mwisho wa zile bendera ulikuwa kizungu kabisa. 1903 mabaharia wa Suri wenye bendera ya Mfaransa wakavunja karantini Maskati, Sultan akawafunga, Ufaransa ikaja juu kwamba hao ni watu wangu, Mwingereza akasema ni raia wa Sultan, ikabidi waende mahakama ya usuluhishi The Hague. Mahakimu watatu, Mwaustria, Mmarekani na Mholanzi, wakakaa Ulaya kuamua jahazi la tende la mtu wa Suri ni la nani. Hukumu ikatoka Agosti 8, 1905: waliopewa bendera kabla ya Januari 2, 1892, siku Ufaransa ilipothibitisha mkataba wa Brussels wa kupinga biashara ya watumwa, wabaki nayo. Baada ya siku hiyo hapewi mtu, isipokuwa aliyekuwa chini ya ulinzi wa Ufaransa tangu kabla ya 1863, na kufika hapo nani anaye? Halafu wakaweka kufuli jengine, ruhusa ile haihamishwi kwa mtu mwengine wala kwa jahazi jengine. Yaani baba akifa mtoto harithi, jahazi likioza bendera imekwenda nalo. Na mwenye jahazi akishuka pwani yeye na familia yake wako chini ya sheria za Sultan kama kawaida.

Hukumu nzuri tu kisheria, mimi sina neno. Lakini Salma, nimesoma majina ya mahakimu na tarehe za mikataba yote, Msuri hata mmoja hakuulizwa we bendera uliichukulia nini, na wale waliopakiwa chini ndo kabisa, wao hata kesini hawakuwemo, kesi ilikuwa ya heshima ya mataifa mawili. Hilo ndo linaloniuma kuliko ugomvi wenu wa nani mwema nani mbaya.

Msomee kaka'ko yote, usirukeruke zile sehemu zinazokuchoma wewe, nakujua. Na yule mzee wa Funguni aliyekuwa akipokea Waarabu wa majahazi, kama bado ana akili zake muulize aliwahi kumsikia baba'ke akizungumzia bendera ya Mfaransa, mrekodi kwenye simu unitumie. Viza yako ikitoka niambie mapema niombe likizo nikupeleke Suri, kaka'ko simtaki, atabishana na walinzi wa makumbusho.

Nisalimie mama na watoto.

Rukia