Asante kwa mwalimu wetu wa maji

Ewe uliyetufundisha kusafisha maji bila kutaja jina lako, asante sana. Wengi wanaojiandaa kwa shida ya muda mrefu hukimbilia kuweka akiba ya chakula; wewe ulianza na maji, na ndipo pa kuanzia.

Umetufahamisha kwamba klorini hushindwa kwenye maji yenye tope, kwa kuwa uchafu huimaliza kabla haijaua vijidudu. Basi yaache yatuame, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie matone 2 ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, kwa kila lita ya maji. Koroga, subiri dakika 30. Yasiponukia klorini hata kidogo, rudia kipimo, subiri dakika 15 zaidi.

Tunakushukuru zaidi kwa onyo kwamba dawa hii hupungua nguvu ikikaa, hasa penye joto. Kuitegemea kwa miaka ni hatari. Kuni na sufuria ndiyo kinga ya kudumu: yachemke kwa nguvu dakika 1, au 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Chumvi na sumu za viwandani, hata hivyo, haziondoki kwa kuchemsha wala kwa klorini.